Subira tuliyomwombea Samatta, tuwape na hawa waliokuja kwetu

Jumamosi ya Desemba 14, 2024, mjini Lubumbashi, dakika 90 zilikuwa zimekwisha na Yanga ilikuwa nyuma kwa bao moja mbele ya TP Mazembe. Katika muda wa nyongeza Prince Dube akasawazisha. Siku tano baadaye, nyumbani, akawafunga Mashujaa ya Kigoma mabao matatu peke yake katika ushindi wa 3-2 wa Ligi Kuu. Kufikia Ijumaa asubuhi, vijiwe vilevile vilivyokuwa vimemzika vilikuwa vikibishana kuhusu bao lipi kati ya manne lilikuwa tamu zaidi.

Turudi nyuma kidogo tu, Novemba ya mwaka huohuo. Yanga ilikuwa imefungwa na Azam 1-0, kisha na Tabora United 3-1, ndani ya wiki moja. Kocha Miguel Gamondi akaondoka, Sead Ramovic akaja. Katika joto lile kila aliyetafuta wa kumlaumu alianzia mbele, na mbele alikuwepo Dube. Aliitwa garasa. Ilisemwa kwamba Azam walijua wanachokiachia, kwamba amekwisha, kwamba miguu yake imekuwa mizito. Dirisha dogo lilikuwa linakaribia na watu walishampangia barua yake ya kwaheri. Kama usajili wa Yanga ungeamuliwa kwa kura ya mashabiki mwezi ule, naamini Mzimbabwe yule asingeiona Krismasi akiwa Jangwani. Hakuondoka. Alimaliza msimu na mabao zaidi ya 10 ya ligi, na Yanga ikachukua ubingwa wa nne mfululizo.

Kinachonifanya nianze na Dube badala ya mwingine ni hiki: hakuwa mgeni. Alikuwa ameishi Dar es Salaam tangu 2020, alipotoka Highlanders ya Bulawayo kuja Azam. Alizijua barabara zetu na joto letu, aliujua uwanja wa Sokoine na vumbi la Kanda ya Ziwa. Aliwahi kuwafunga Simba na Yanga wote wawili. Kwa mtu kama huyo, tungedhani kuvuka kutoka Azam ya Chamazi kwenda Yanga ya Jangwani ni safari ya daladala mbili. Bado ilimchukua karibu nusu msimu kuanza kufunga kwa mfululizo.

Sababu moja ipo uwanjani, na kila aliyecheza mpira anaifahamu. Azam ilikuwa ikimpa Dube nafasi ya kukimbia. Timu inapokuja kuwabana Azam, nyuma yake hubaki uwazi, na Dube ni mtu wa uwazi. Yanga hakuna anayekuja kuibana. Timu za mkoani zinapokutana na Yanga au Simba hurudi zote nyuma, mabeki watano na viungo wanne mbele yao, wanasubiri kona au mpira mmoja mrefu. Straika anaishi ndani ya msitu wa miguu. Ule mwendo uliomfanya asajiliwe hauna pa kutumika. Inabidi ajifunze mbio fupi za hatua mbili au tatu, kumtegea beki mgongoni, kupiga bila kutuliza. Hayo hayaji kwa wiki tatu za maandalizi ya msimu, na hayaji kabisa kama kila anapokosa anasikia jukwaa zima linaguna.

Sasa mchukue yule ambaye ni mgeni kweli. Anatoka Abidjan, Kumasi au Ndola. Wiki ya kwanza anacheza Kwa Mkapa mbele ya makumi ya maelfu, kwenye nyasi nzuri. Wiki mbili baadaye yupo Ruangwa, kisha Bukoba kwenye nyasi bandia za Kaitaba, kisha Kigoma, kisha anapanda ndege usiku kwenda kucheza mechi ya CAF Afrika Kaskazini. Mpira unadunda tofauti kila anapokwenda. Wenzake wanaitana kwa Kiswahili ambacho hajakijua, na katika soka sekunde moja ya kutafsiri ni mpira uliokwisha potea. Hajui kama winga wake anapenda kukata ndani au kumimina krosi. Familia yake ipo mbali, chakula si kile alichokizoea, na kila akifungua simu anakuta jina lake lina vicheko mia mbili pembeni. Lugha hiyo haihitaji mkalimani. Alama ya kucheka ni ileile Bamako na Buguruni.

Nadhani tulizoezwa vibaya na watu wawili, na wala si kwa kosa lao. Meddie Kagere alitua Simba 2018 akitokea Gor Mahia, na msimu wake wa kwanza tu akafunga mabao 23 ya ligi. Msimu uliofuata akafunga 22. Miaka mitatu baada ya Kagere akaja Fiston Mayele Yanga, naye hakuomba muda. Alikuja akitetema, na hadi watoto wa chekechea wakatetema naye. Mwaka 2023 alikuwa mfungaji bora wa Kombe la Shirikisho Afrika, Yanga ikifika fainali dhidi ya USM Alger. Baada ya hao wawili tukaanza kuamini kwamba straika mzuri hutua uwanja wa ndege asubuhi na kufunga jioni. Tulichukua watu wa pekee tukawafanya kipimo cha kawaida. Kila aliyewafuata amepimwa kwa Mayele, na wengi wamehukumiwa kabla jezi haijafuliwa mara ya tano.

Wakati huohuo, pembeni kabisa ya Mayele, kulikuwa na funzo jingine ambalo hatukulitazama vizuri. Stephane Aziz Ki alikuja Yanga 2022 kutoka ASEC Mimosas kwa kelele kubwa. Oktoba 23 ya mwaka huo aliwafunga Simba kwa mpira wa adhabu katika sare ya 1-1. Novemba 9 akafunga bao pekee ugenini Tunisia dhidi ya Club Africain, bao lililoipeleka Yanga hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho. Mtu angedhani mabao hayo mawili yanatosha kumnunulia mtu heshima ya msimu mzima. Haikuwa hivyo. Katikati ya msimu ule ziko mechi alizoanzia benchi, na manung'uniko yalikuwa mengi: anapotea uwanjani, anakaa sana na mpira, hakabi, anasubiri faulo ili aonekane. Mabao yake ya ligi msimu ule hayakufika 10.

Msimu uliofuata, 2023/24, Aziz Ki alifunga mabao 21. Akambwaga Feisal Salum wa Azam aliyekuwa na 19, akawa mfungaji bora wa ligi akiwa kiungo, wala si straika. Mguu wake wa kushoto ulikuwa uleule. Kilichobadilika ni kwamba Gamondi alimpa uhuru wa kuzurura karibu na boksi, wenzake walikuwa wameshajua pa kumpasia, na yeye alikuwa ameshaijua ligi: refa yupi anaacha mchezo uendelee, beki yupi hapendi kugeuzwa, uwanja upi unataka mpira upigwe mapema. Mabao yale 21 yalikuwa yanapikwa msimu mzima ambao sisi tulikuwa tunalalamika.

Sisemi mashabiki ndio wenye lawama peke yao. Klabu zetu zinauza haraka, kisha zinashangaa watu wakiwa na haraka. Mchezaji anatambulishwa saa sita usiku kwa video yenye moshi, ngurumo na muziki wa vita. Siku ya Simba au Wiki ya Mwananchi anaitwa wa mwisho, taa zimezimwa, uwanja umejaa. Msemaji wa klabu anaapa kwamba aliyekuja ni balaa, mabeki waanze kuandika wosia. Baada ya hapo nani atakubali kuambiwa mwezi wa pili kwamba kijana bado anazoea mazingira? Kocha anapoomba muda, anauomba mbele ya watu ambao mwajiri wake ameshawaahidi mvua.

Halafu kuna kanuni. Klabu inaruhusiwa kusajili wachezaji 12 wa kigeni, na idadi hiyo ikijaa, njia pekee ya kumwingiza mpya ni kumtoa aliyepo. Kwa hiyo kila mgeni asiyefunga hahesabiwi tu kama mtu anayechelewa, anahesabiwa kama mtu aliyekalia kiti cha mwingine ambaye bila shaka angefunga. Huyo mwingine siku zote ni bora, kwa sababu hajacheza bado. Dirisha dogo linapofunguliwa, mgeni aliyekuja Julai anakuwa na mechi chache tu za ligi mkononi, na nyingine ameingia dakika ya 80. Juu ya hizo ndiyo anasomewa hukumu.

Simba inajua gharama ya mwendo huu. Januari 2024 iliachana na Jean Baleke na Moses Phiri katikati ya msimu, na Baleke ndiye aliyekuwa akiongoza kwa mabao ndani ya timu. Badala yao wakaletwa Pa Omar Jobe na Freddy Koublan. Msimu mpya ulipopamba moto mwezi Agosti, hao wawili nao hawakuwepo. Wakaja Steven Mukwala kutoka Asante Kotoko na Leonel Ateba kutoka USM Alger. Ndani ya miezi minane Msimbazi ilizungusha washambuliaji sita. Winga anayemimina krosi kwa straika mpya kila baada ya miezi michache hawezi kujua mwenzake anataka mpira kwa kichwa, mguuni au nyuma ya beki. Viongozi waliojibu kelele za jukwaani kwa kufungua pochi walidhani wananunua mabao. Kila walipofanya hivyo walijirudisha mwanzo wa kuzoeana.

Uzuri ni kwamba hao wawili wa mwisho waliachwa wacheze. Mukwala alianza kwa kusuasua, na Waganda waliokuwa wakimfuatilia walikuwa wakimtetea mitandaoni kama ndugu yao anayesemwa ugenini. Kabla ya msimu kwisha alikuwa ameshafunga mabao yake ya kutosha, na Simba ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho.

Katika fainali hiyo kuna jambo ambalo lingestahili kukumbukwa zaidi. Simba ilikuwa imefungwa 2-0 na RS Berkane kule Morocco. Mechi ya marudiano ilichezwa Mei 25, 2025, Uwanja wa Amaan, Zanzibar. Aliyefunga bao la mapema lililoamsha matumaini ya nchi nzima alikuwa Joshua Mutale. Huyu ni Mzambia aliyekuja kutoka Power Dynamos mwaka mmoja kabla, akaandamwa na majeraha, akaandamwa zaidi na midomo. Kwa miezi mingi jina lake lilikuwa likitajwa kama mfano wa fedha iliyopotea. Mechi iliisha 1-1 na kombe likabaki kwa Waarabu, lakini kwa zaidi ya saa nzima Simba ilibakiza bao moja tu kusawazisha hesabu ya mechi mbili, na ilifikishwa hapo na mtu ambaye wengi walitaka aondoke tangu Januari.

Ninapoyaona haya huwa namfikiria Mbwana Samatta, na hapa ndipo moyo wangu unapouma.

Januari 2020 Samatta alijiunga na Aston Villa akitokea Genk ya Ubelgiji. Villa ilikuwa inapigania kutoshuka daraja, na straika wake, Wesley, alikuwa ameumia goti siku ya kwanza ya mwaka. Februari 1, katika mechi yake ya kwanza ya Ligi Kuu ya England, Samatta aliwafunga Bournemouth kwa kichwa. Machi 1, Wembley, fainali ya Kombe la Ligi, akaruka na kuwafunga Manchester City kwa kichwa. Villa ilipoteza mechi zote mbili kwa 2-1, lakini huku kwetu hilo halikumzuia mtu kulala na furaha. Kurasa za mitandao za Aston Villa zilijaa Kiswahili. Watu wa Mbagala walikuwa wakiwasalimia watu wa Birmingham kila asubuhi.

Kisha korona ikasimamisha ligi. Iliporudi Juni, viwanja vikiwa vitupu, mabao yalimkataa. Alianza kukaa benchi. Villa ilinusurika siku ya mwisho kwa sare ya 1-1 na West Ham, na Samatta alimaliza na bao moja katika mechi 14 za ligi. Septemba Villa ikamnunua Ollie Watkins, na nahodha wetu akapelekwa Fenerbahce kwa mkopo. Hakurudi tena kuivaa jezi ile.

Kumbukeni tulivyosema. Tulisema hapewi mipira. Tulisema Villa inacheza kwa kumtafuta Jack Grealish peke yake, krosi haziji. Tulisema amekuja Januari, katikati ya vita ya kushuka daraja, hakuwa na maandalizi ya msimu, kisha ikaja korona. Tulisema Waingereza hawana subira. Yote tuliyosema yalikuwa kweli! Mechi 14 si kipimo cha mtu aliyebeba Mazembe hadi ubingwa wa Afrika 2015 na kutunukiwa kuwa mchezaji bora anayecheza barani. Tulikuwa mawakili hodari, tukizijua sababu zote zinazoweza kumchelewesha straika ugenini, tukizipanga moja baada ya nyingine bila kukosea. Sababu hizo hazipungui uzito anapokuja kwetu Mganda, Mzambia au Mzimbabwe.

Wala hatukuhitaji kwenda mbali kutafuta ushahidi wa kile ambacho subira ingeweza kumfanyia, maana ulikuwa kwa Samatta mwenyewe. Genk ilimchukua Januari 2016. Alipitia baridi, lugha tatu, jeraha la goti na vipindi vya ukame. Klabu ile haikumtupa. Msimu wa 2018/19 alifunga zaidi ya mabao 20 ya ligi, Genk ikawa bingwa wa Ubelgiji, na yeye akapewa Kiatu cha Ebony, tuzo ya mchezaji bora mwenye asili ya Afrika katika ligi hiyo. Watu wa Genk walisubiri misimu mitatu, wakavuna ubingwa. Haki itendeke pia kwa Villa: Watkins waliyemnunua amewafaa sana, na mtu anaweza kusema hawakukosea. Ila hatutajua kamwe Samatta wa msimu wa pili pale angekuwa nani, kama ambavyo tulikaribia kutomjua Aziz Ki wa mabao 21.

Wapenzi wa Arsenal, ambao katika vibanda umiza vya nchi hii hawahesabiki, wanajua ninachosema kuliko wengi. Kai Havertz aliponunuliwa 2023 kwa pauni milioni 65 alikaa wiki kadhaa bila bao na kila mtu alikuwa na dhihaka ya kumpa. Septemba 30, ugenini kwa Bournemouth, Arsenal ilipata penalti, na Martin Odegaard, nahodha na mpigaji, akampa Havertz mpira. Alipofunga, timu nzima ilimkimbilia na jukwaa la wageni likaimba jina lake. Alimaliza msimu na mabao 13 ya ligi. Wenzake na mashabiki waliosafiri waliamua kwa makusudi kumbeba siku ile, wakati bado hakuwa amewapa chochote. Luka Modric naye, miezi minne tu baada ya kutua Real Madrid 2012, wasomaji wa gazeti la Marca walimpigia kura kuwa usajili mbovu zaidi wa msimu. Ameondoka na Ligi ya Mabingwa 6 na Mpira wa Dhahabu wa 2018.

Mtu atauliza, basi tusubiri mpaka lini? Ni swali la haki. Aliyelipa kiingilio chake cha mzunguko, akapanda basi kutoka Kibaha na kurudi saa nne usiku, ana haki ya kulalamika. Wapo pia wachezaji ambao hata wakipewa miaka mitano hawataweza, na hilo linasemeka bila matusi. Lakini zipo njia za kumtazama straika ambaye hafungi. Mimi huanza na idadi ya nafasi anazofika. Anayekosa mabao matatu katika mechi moja anatutia hasira, lakini amekuwepo mahali pa kufungia mara tatu, na hiyo ndiyo sehemu ngumu ya kazi. Wa kumtilia shaka ni yule ambaye mechi inakwisha hujakumbuka kama alikuwemo. Natazama pia kama anauomba tena mpira baada ya kukosa, au anaanza kujificha nyuma ya beki. Mara nyingi kujificha huko tunakutengeneza wenyewe kwa kumzomea dakika ya 20, wakati mechi ingali 0-0 na tunahitaji afunge.

Kuzomea mchezaji wako mwenyewe ndani ya dakika 90 ni kumsaidia beki wa upande wa pili. Beki anasikia. Anajua kwamba akimkwatua mara moja zaidi, jukwaa litamalizia kazi. Lawama ziwepo, ziwe baada ya filimbi, zimfikie kocha na kamati ya usajili waliomleta, waulizwe walimtazama mechi ngapi kabla ya kusaini na wamempangia nani wa kumpa mipira. Kamati hizo huwa zinakaa kimya sana pale mchezaji anapoitwa garasa, kana kwamba alijisajili mwenyewe.

Nao vijana wetu wanaendelea kuondoka. Kelvin John alikwenda Genk akiwa na miaka 18, kulekule alikopita Samatta, na muda mwingi hapo aliutumia katika kikosi cha vijana kabla ya kuhamia Aalborg ya Denmark 2024. Mitandaoni hakuna Mtanzania niliyemsoma akiwataka Wadenmark wampe barua ya kwaheri kila anapokosa bao. Wote tunaandika jambo moja, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza cha kuungaunga: mpeni mechi, bado kijana, ataiva.